Nyumba ya askari ikiuzwa: tutunze risiti, tuhesabu siku

Ndugu wanachama wa tawi letu, Matemwe.

Haya ndiyo maneno tuliyoyasema kwenye mkutano wa wanachama Jumapili jioni. Tunayatuma hapa kwa ajili ya waliokuwa baharini, waliokuwa zamu mahotelini, na waliotuomba tuyaandike ili wayasome taratibu.

Ajenda ilikuwa moja: kodi anayodaiwa mtu anapouza nyumba, na hasa nyumba ya askari. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamkataza mwanajeshi aliyeko kazini kujiunga na chama cha siasa, kwa hiyo hatuzungumzi nao. Tunazungumza na nyinyi wazee wao, wake zao na watoto wao, na nyinyi wastaafu ambao sasa ni wanachama wenzetu. Nyinyi ndio mnaokaa na funguo na makaratasi.

Tumelileta sasa kwa sababu bei za ardhi huku pwani zimepanda, na kila siku kuna mgeni anayeuliza nyumba Kigomani, Mbuyutende au Kijini. Mstaafu mmoja alitujia na makubaliano ya kuuza yakiwa tayari. Tulipomuuliza nyumba ilimgharimu kiasi gani, alijibu: "Nilijenga kidogo kidogo, miaka kumi na minne, nani aweke risiti?" Jibu hilo ndilo lililotufanya tuitishe mkutano.

Tuanze na nani anadai nini. Ushuru wa stempu wa hati ni wa Zanzibar, unakusanywa na ZRA. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, inakusanywa na TRA hata hapa Unguja. Faida ya kuuza nyumba inahesabiwa kuwa mapato, kwa hiyo ni ya TRA, chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004.

Kinachotozwa ni faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama za kupata na kujenga. Mkaazi wa Tanzania hulipa asilimia 10 ya faida hiyo, na hulipwa kabla hati haijahamishwa. Asiye mkaazi hutozwa zaidi. Mkaazi ambaye hana kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyothibitishwa, ile iliyo kubwa.

Sheria hiyo imeweka nafuu kwa nyumba ya mtu ya kuishi. Nyumba haitozwi ikiwa mambo matatu yametimia kwa pamoja. Kwanza, umeimiliki mfululizo miaka mitatu au zaidi. Pili, umeishi humo wewe mwenyewe, mfululizo au kwa vipindi, jumla isiyopungua miaka mitatu. Tatu, faida haizidi shilingi milioni 15. Ikizidi, nafuu inaondoka yote, na kodi inahesabiwa kwa faida nzima.

Tupige hesabu. Kiwanja milioni 6, ujenzi milioni 24, jumla milioni 30. Nyumba imeuzwa milioni 42. Faida ni milioni 12. Mwenye risiti na miaka yake mitatu ya kuishi halipi kitu. Mwenye risiti ambaye hakuishi miaka mitatu analipa milioni 1.2. Asiye na risiti hawezi hata kuonyesha kwamba faida yake iko chini ya milioni 15. Asilimia 3 ya milioni 42 ni milioni 1 na laki 2 na elfu 60. Nyumba ni ile ile na bei ni ile ile.

Sasa askari. Mwalimu wa skuli hapa Matemwe analala kwake kila siku, miaka mitatu inatimia bila kuihesabu. Askari anajenga Matemwe lakini analala kambini, leo Unguja, kesho Pemba, keshokutwa bara. Mkewe na watoto wamo ndani ya nyumba miaka kumi, lakini maneno ya sheria yanamtaja mwenye nyumba kuwa ameishi humo. Hatukuona nafuu ya peke yake kwa siku alizokuwa mbali kwa amri ya kazi. Kinachomsaidia ni yale maneno "kwa vipindi". Likizo zinahesabika, na miaka baada ya kustaafu inahesabika. Anayestaafu leo na kuuza kesho anajinyima mwenyewe.

Wenzetu wa Marekani walikutana na tatizo hili. Huko mtu anatakiwa awe ameishi katika nyumba yake miaka miwili kati ya mitano kabla ya kuuza. Mwaka 2003 walipitisha sheria inayomruhusu askari aliyepangiwa kazi mbali kusimamisha hesabu ya ile miaka mitano, hadi miaka kumi. Basi jambo hili linawezekana kutungiwa sheria.

Tunaombana yafuatayo:

1. Risiti za saruji, matofali, mabati, mbao na malipo ya fundi ziwekwe kwenye faili moja, na zipigwe picha. Aliyekwisha kujenga akusanye zilizobaki.

2. Barua za likizo na za uhamisho zihifadhiwe. Anayerudi kuishi kwake ajiandikishe kwa sheha, ili siku ziwe na ushahidi.

3. Tusiandike bei mbili, moja ya mkononi na moja ya karatasini. Mamlaka ina haki ya kuthaminisha nyumba, na ugomvi ukitokea mahakama itasoma ile ya karatasini. Aliyeandika milioni 20 atadai vipi 42?

4. Kabla ya kupokea hata arubuni, tuulize TRA kodi itakuwa kiasi gani, na tuandike kwenye makubaliano nani atalipa.

Kwa upande wa chama, mkutano umeazimia tupeleke mapendekezo mawili ngazi ya juu, yamfikie Mbunge, maana sheria hii inatungwa Dodoma na si Chukwani. La kwanza, siku za askari aliyeko kazini kwa amri zihesabiwe kama siku za kuishi kwake. La pili, kiwango cha milioni 15 kitazamwe upya, kwani bei za leo si za 2004.

Hatusemi watu wasilipe kodi. Barabara na skuli tunazozidai zinatokana nayo. Tunasema mtu alipe anachodaiwa, na asilipe kwa sababu ya karatasi iliyoliwa na mchwa.

Jumamosi baada ya sala ya Alasiri tutakuwa ofisi ya tawi. Mwenye faili aje nalo tulipange pamoja. Kupanga ni bure.

Wassalamu alaykum.

Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi