Mutombo kwa watu wa Kivu: hospitali ya Kinshasa na dhahabu ya Goma

Maneno yaliyosemwa na mfanyakazi wa shirika la kijamii mbele ya wazee wa mitaa, kamati za waliohama na vijana wa michezo, Baraka, teritware ya Fizi



Nimeombwa niseme juu ya ugomvi uliotokea uwanjani. Wengi mmeusikia nusu nusu. Vijana wa basketi walitaka kuandika jina la Dikembe Mutombo kwenye ubao wa kikapu. Wengine wakakataa. Waliokataa wakaambiwa wana wivu na hawaipendi Kongo. Waliokubali wakaambiwa wanawasifu watu waliokula mali ya Kivu. Mwishowe mmoja akamwambia mwenzake, "Wewe ni wa wale." Sote tunajua hapa Fizi neno "wale" linaweza kufika wapi. Ni kwa sababu ya neno hilo wazee walituita. Ubao wenyewe ni kitu kidogo.

Kwa wasiofuata basketi, mtu huyu alikuwa nani? Alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Alikwenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Georgetown, na nia yake ilikuwa kuwa daktari. Urefu wake, mita 2 na sentimita 18, ukampeleka kwingine. Alicheza katika NBA misimu 18, toka 1991 mpaka 2009. Kazi yake ilikuwa kuzuia. Alizuia mipira 3,289, na katika hesabu za NBA ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake aliyemzidi. Akishazuia alitikisa kidole, kama mama anayemwambia mtoto hapana, hapana. Wakubwa wa NBA walipomkataza kumtikisia mpinzani usoni, akawa anawatikisia watazamaji. Watoto wetu hapa, ambao hawakumwona akicheza hata siku moja, wanatikisa kidole hicho hicho.

Halafu kuna aliyoyafanya na mali yake. Mwaka 1996 timu ya wanawake ya Zaire ilifika kwenye Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, na ni yeye aliyelipa nguo zao za kuchezea na gharama zao. Mwaka huo ninyi mnaukumbuka kwa jambo jingine. Kabla haujaisha, familia nyingi za Fizi zilikuwa zinavuka ziwa usiku kwenda Kigoma. Baadaye mama yake, Biamba Marie, alikufa Kinshasa kwa sababu njia zilifungwa na machafuko, wakashindwa kumfikisha hospitali. Mtoto wake akajenga hospitali kule Masina, akaipa jina la mama yake. Ina vitanda 300 na ilifunguliwa mwaka 2007. Iligharimu dolari milioni 29, na zaidi ya nusu aliitoa yeye mwenyewe. Ni mawaziri wangapi tunaowajua waliofanya hivyo? Mimi sitaki mtu aipite hospitali hii haraka haraka ili afike kwenye mabaya. Mama aliyezaa salama Masina amezaa salama, na hakuna habari ya Goma itakayomrudisha nyuma.

Sasa tuende Goma. Mwezi wa tisa mwaka 2010, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Ninyi wa Misisi na Lulimba mnaijua amri ile kuliko mimi. Ilidumu mpaka mwezi wa tatu mwaka 2011. Kwa miezi ile, kijana mwenye gramu mbili zilizofungwa kwenye karatasi alikuwa mvunja sheria, na kila aliyevaa kofia ya kazi ya serikali aliweza kumnyang'anya. Ndani ya miezi hiyo hiyo, mwezi wa pili mwaka 2011, ndege ya binafsi iliyotoka ng'ambo ilizuiliwa katika uwanja wa Goma. Palikuwa na dhahabu, zaidi ya kilo 400, na mamilioni ya dolari. Wageni waliokuja na ndege walifungwa majuma kadhaa, kisha wakaachiliwa kwa faini.

Mwisho wa mwaka 2011, Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti. Ilisema kwamba mtu mkubwa wa biashara hiyo upande wa Goma alikuwa Bosco Ntaganda. Wakati ule alikuwa jenerali wa jeshi la taifa, na huku Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa inamtafuta toka mwaka 2006. Ripoti hiyo ilimtaja pia Mutombo, kati ya watu waliowaunganisha wanunuzi wa Marekani na dhahabu hiyo. Ikataja na watu wa ukoo wake.

Hapa nisimame kidogo, maana ni hapa maneno ya uwanjani yalipoharibika. Kijana mmoja alisema Mutombo alifungwa. Hapana, hakufungwa, na hakuna mahakama iliyomshtaki. Mwingine alisema alimnunulia Ntaganda bunduki. Ripoti haikusema hivyo. Upande wa pili nao walisema habari yote ni uongo wa wazungu wenye wivu. Hapana tena. Ndege ilikamatwa hapa hapa Kongo, na serikali yetu wenyewe ilitangaza. Basi tunachokijua ni hiki: ametajwa katika ripoti nzito, na hakuhukumiwa. Hivi viwili vinasemwa pamoja. Anayesema kimoja tu anapotosha, hata kama kila neno lake ni la kweli.

Na Ntaganda? Mwezi wa nne mwaka 2012 aliasi pamoja na wenzake, ndipo M23 ilipozaliwa. Mwaka 2013 alijitoa mwenyewe katika ubalozi wa Marekani kule Kigali. Mwaka 2019 Mahakama ya La Haye ilimhukumu miaka 30, kwa mambo ya Ituri ya mwaka 2002 na 2003. Ile dhahabu ya Goma haikuwa kati ya makosa aliyohukumiwa.

Ninyi mliokimbia Bukavu mwaka 2025 mmelisikia jina la M23 nikilitaja, na nimeona baadhi yenu mkiinamisha kichwa. Hakuna anayeweza kuonyesha kwamba dolari ya ndege ile ilinunua risasi fulani. Lakini mtu aliyetembea na watoto kutoka Kamanyola asikatazwe kuuliza swali hilo eti kwa sababu mchezaji alijenga hospitali. Anauliza kwa haki yake. Na asiitwe adui wa Kongo.

Nilizungumza na vijana wa pande zote mbili, mmoja mmoja, si katika kundi. Yule aliyekataa jina lisiandikwe alikulia machimboni Misisi. Kaka yake alifukiwa na udongo shimoni. Aliniambia: "Sisi tulikatazwa kuuza hata gramu, na wao walileta ndege." Sikuona wivu katika maneno hayo. Aliyetaka jina liandikwe alizaliwa Nyarugusu, kule Tanzania. Baba yake alikuwa na picha ya Mutombo iliyokatwa kwenye gazeti, imebandikwa kwenye udongo wa nyumba yao ya kambini. Mahali ambapo waliitwa wakimbizi kila siku, picha ile iliwaambia kwamba Mkongomani naye anatazamwa na dunia nzima. Kumwambia kijana huyu kwamba anasifu wanyang'anyi ni kumtukania baba yake. Na msichana mmoja wa timu, ambaye hakuwa upande wowote, alisema: "Kwa hospitali nampenda, kwa dhahabu simwelewi. Nikiondoa moja nitakuwa nadanganya."

Mimi niko karibu na msichana huyo. Wengine wanafanya hesabu, wanaweka vitanda 300 upande mmoja na kilo 400 upande wa pili kama kwenye mizani ya komptwari. Nadhani hesabu hiyo haifai. Waliopata dawa Masina si watu wa Kivu, na waliodhulumiwa na biashara ya dhahabu hawakulazwa Masina. Mtu mmoja hawezi kulipa deni la jirani huyu kwa kumpa zawadi jirani mwingine. Shukrani ya Kinshasa ibaki ya Kinshasa. Swali la Kivu libaki la Kivu. Na mtu wa Kivu anayependa basketi anayo yote mawili ndani ya moyo mmoja, si ugonjwa.

Mnajua vizuri kwamba sikukuja kuzungumza basketi peke yake. Katika kamati ya maji ya hapa kuna mtu ambaye jina lake limependekezwa, na kwa juma la tatu sasa kamati haikai. Zamani alikuwa msituni na bunduki. Kuna familia zilizo hai kwa sababu yake. Aliwasindikiza usiku, akabeba watoto wa watu mgongoni. Kuna familia nyingine zinazokumbuka ng'ombe waliochukuliwa na kundi lake, na mchungaji wao ambaye hakurudi. Kila upande unamwambia mwingine, ninyi ni waongo. Nimewasikiliza wote, na sijasikia uongo mkubwa. Nimesikia watu wanaosema kila mmoja nusu yake.

Mutombo hatuwezi kumuuliza tena. Alikufa kwa ugonjwa wa ubongo tarehe 30 Septemba 2024, akiwa na miaka 58, na watu wa Kivu hawakupata siku ya kukaa naye chini ya mti na kumwambia, baba, ile ndege ilikuwaje. Huyu wa kwetu yuko hai, anakaa hatua mia mbili kutoka kisimani, na ameniambia atakuja akiitwa.

Kwa hiyo tumepatana na mzee wa mtaa hivi. Alhamisi saa tatu asubuhi kamati itakaa katika baraza lake. Wataanza kusema wale waliobebewa watoto, halafu wale waliochukuliwa ng'ombe, na kila mmoja aseme aliloliona kwa macho yake, yale ya kusimuliwa ayaache nyumbani. Yeye atakuwepo, atasikiliza mpaka mwisho bila kukata neno, ndipo ajibu. Juu ya kiti cha kamati hakutaamuliwa siku hiyo. Juu ya yule mchungaji ataulizwa siku hiyo hiyo, kwa sababu ndugu zake wanataka tu kujua alizikwa wapi. Wamama wa kisima wameomba mkutano usizidi saa sita, wapate kuteka. Wenye ng'ombe wameomba waje na mtu wao wa kutafsiri, na wakae upande wa dirisha, si nyuma. Yote tumekubali.