Maji Mazuri kwa Macho

Somo: 2 Wafalme 2:19-22

Watu wa Yeriko walimwendea Elisha wakiwa na taabu. Mji wao ulikaa mahali pazuri, lakini maji yake yalileta mauti. Nabii hakuuliza ni nani aliyechota. Alikwenda mpaka kwenye chemchemi yenyewe.

Sisi wa Taita Taveta twaijua thamani ya maji. Tunayo chemchemi ya Mzima, ambayo maji yake husafiri kwa bomba mpaka Mombasa. Lakini huku Voi wakati wa kiangazi, mama hununua maji ya mkokoteni, huyatazama, husema, "Haya ni safi." Macho yaweza kumdanganya. Kijidudu cha kipindupindu, ugonjwa ulioingia Kenya mwaka 1971, hakionekani kwa macho, wala hakiyapi maji harufu.

Basi mpimaji wa maabara hukipataje? Hukipa chakula. Huchukua choo cha mgonjwa, au maji yanayoshukiwa, na kupaka kidogo juu ya kisahani chenye chakula kilichogandishwa kwa agari, kitu kitokacho katika mwani wa bahari. Kisahani hulazwa usiku kucha ndani ya kasha lenye joto kama la mwili, digrii 37. Kijidudu kimoja huwa viwili, viwili huwa vinne. Wengi wa jamii ya E. koli, ambao huonyesha kwamba kinyesi kimefika majini, waweza kujigawa kila dakika 20. Kwa saa 10 mmoja tu hupita bilioni moja! Asubuhi kilichofichika kimekuwa doa. Juu ya chakula maalum cha rangi ya kijani, chenye sukari, kipindupindu huota madoa ya manjano. Hata hivyo mpimaji mwaminifu hatamki upesi, kwa maana vijidudu vingine vya ukoo huo navyo huota manjano. Hupima tena.

Ndugu zangu, ulimi wetu hauna subira hiyo. Ugonjwa ukizuka, kabla kisahani hakijatoka kashani tumekwisha kumhukumu mgeni, au muuza maji, au jirani mwenye kisima. Tungoje jibu kabla ya kumlaumu mtu.

Lakini mgonjwa asingojeshwe! Anayeharisha hupungukiwa na maji mwilini, naye aweza kufa kwa muda wa saa chache. Apewe upesi maji ya chumvi na sukari yaliyopimwa sawasawa, apelekwe hospitali usiku huo huo. Rehema itangulie, jibu litafuata.

Na jibu likija, tufanye kama Elisha, twende kwenye chanzo. Tuchimbe vyoo mbali na visima. Tuchemshe maji ya kunywa. Tunawe mikono kwa sabuni. Kisima kilichotengenezwa huwafaa wote, hata yule tuliyetaka kumlaumu.

Tuombe. Ee Bwana, utupe subira katika kuhukumu na haraka katika kuhurumia. Amina.