Mlango na Majina Yake: Picha za Milango ya Nakshi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar kama Data ya Isimu



Apitaye leo katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar hakosi kumkuta mtu amesimama na kamera mbele ya mlango wa zamani. Mbao zimepauka kwa jua na kwa upepo wa chumvi, maua yaliyochongwa yamelika kingo zake, na misumari ya shaba imeshika kutu ya kijani. Upigaji picha huu si mgeni. Tangu karne ya 19 studio za wapiga picha, kama ile ya A. C. Gomes, ziliutangaza mji huu kwa picha. Aidha, tangu Mji Mkongwe uingizwe katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, picha za milango zimeongezeka mno.

Hoja yangu ni kwamba picha hizo zinahifadhi nusu ya mlango tu. Nusu ya pili imo katika lugha, nayo haionekani kwa lenzi.

1. Majina ya viungo vya mlango

Tuutazame mlango wenyewe. Nguzo mbili za pembeni ni miimo. Juu na chini kuna vizingiti. Mbao mbili za kufungua hukutana katikati, na kipande cha wima kinachofunika maungio yao huitwa mfaa. Mlango hugeuka kwa bawaba; hufungwa kwa komeo, au kwa riza, yaani mnyororo, unaoshikwa na tumbuu na kutiwa kufuli.

Orodha hii fupi ni historia ya lugha yetu. Mlango na mwimo ni maneno ya Kibantu. Katika mwimo tunauona mzizi -ima, uleule wa neno wima. Nakshi, kufuli na msumari yametoka katika Kiarabu. Bawaba nayo ina mzizi mmoja na bawabu, mlinzi wa mlango. Neno msumari linastahili kuangaliwa zaidi. Katika Kiarabu ni mismar, na silabi yake ya kwanza ni sehemu ya neno. Mswahili aliisikia kwa sikio la Kibantu, akaliingiza neno katika ngeli ya M-/MI-, akapata msumari na misumari. Fundi aliyegongomea shaba katika ubao, na msemaji aliyegongomea neno la kigeni katika ngeli, wote wawili walikuwa wajenzi.

Sasa mwulizeni kijana aliyelelewa katika nyumba yenye mlango huo anitajie mfaa au tumbuu. Wengi watasema “kile cha katikati” na “kile cha kufungia”. Kitu kingalipo, jina limeondoka. Lisipoandikwa kutoka kinywani mwa seremala anayelitumia, litabaki katika kamusi bila msemaji.

2. Neno mlango lenyewe

Kiswahili hakikuliacha neno hili ukutani. Tunao mlango wa bahari. Tunayo milango mitano ya fahamu. Na katika tafsiri za Biblia, sura ya kitabu iliitwa mlango. Muhimu zaidi kwa mada yetu, mlango ni tawi la ukoo: watu wa mlango mmoja ni watu wa nasaba moja. Hali hii haiko pwani peke yake. Katika Kinyarwanda na Kirundi, umuryango ni mlango wa nyumba na pia ni jamaa. Ulinganishi huu unadokeza kwamba uhusiano wa mlango na nasaba ni wa zamani kuliko nakshi zote tunazozipiga picha.

Kwa hiyo mlango wa nakshi haukuwa pambo tu. Ulikuwa tamko la nyumba kuhusu watu wake. Mbele yake mgeni alipiga hodi na kungoja karibu. Kando yake watu waliketi barazani. Picha ya ubao uliokatwa kutoka katika mazingira hayo haituambii ni mlango wa nani, kwa maana zote mbili za neno.

3. Hadithi za nakshi

Pengo hilo hujazwa na hadithi. Mgeni huambiwa kwamba mnyororo uliochongwa unaonyesha nyumba ya mfanyabiashara wa watumwa, kwamba samaki ni dua ya riziki, na kwamba misumari ilizuia tembo. Nawaomba wanafunzi wazipime hadithi hizi kwa kanuni za semiotiki. Alama hubainisha kwa kutofautiana na nyingine. Mchoro wa mnyororo huzunguka milango mingi sana ya mji. Alama iliyoenea hivyo haiwezi peke yake kumtenga mwenye nyumba mmoja na jirani yake. Hadithi ya tembo ina asili ya Bara Hindi, na katika vichochoro vya Unguja tembo wa vita hawakupita. Hata hivyo tusizitupe. Zirekodiwe kama masimulizi ya leo, bila kuzigeuza ushahidi wa nia ya mchongaji wa karne ya 19.

4. Mapendekezo

Mamlaka ya uhifadhi wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na watafiti wa sanaa na usanifu wamefanya kazi kubwa. Mwaka 1990, kwa mfano, Judith Aldrick alichapisha katika jarida la Azania makala kuhusu milango ya nakshi ya pwani yetu. Sisi wa isimu tumechelewa. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka. Tukio hilo lilitukumbusha kwamba hata jengo mashuhuri kuliko yote linaweza kutuacha ghafla.

Napendekeza kila mwanafunzi anayepiga picha ya mlango aombe kwanza ruhusa ya wenyeji. Apige mlango mzima pamoja na baraza na mtaa, kisha viungo kimoja kimoja, wakati jua la pembeni linapoonyesha kina cha nakshi. Kwa kila kiungo aandike jina kama lilivyotamkwa, lahaja ya msemaji, kazi yake, mahali na tarehe. Palipo na maandishi ya Kiarabu juu ya kizingiti, yapigwe kwa ukaribu na kunakiliwa herufi kwa herufi, pamoja na mwaka wa Hijria ukiwapo. Wasemaji wawili wakitofautiana kuhusu jina, yaandikwe yote mawili.

Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji kamera, daftari na adabu ya kumsikiliza fundi. Ubao uliooza seremala ataweza kuuchonga upya akiwa na picha nzuri. Mfaa na tumbuu havitarudi vinywani mwa watu kwa picha, iwe nzuri namna gani.