Kuuza Picha bila Kuuza Haki: Mazungumzo kwa Wachoraji wa Manyatta



Anayetembea kutoka Kondele na kuingia Manyatta hupita katikati ya maonyesho makubwa ya uchoraji bila kulipa kiingilio. Ukuta wa kinyozi una vichwa vitatu vilivyonyolewa kwa mitindo mitatu. Mlango wa hoteli una ngege na sahani ya ugali. Nasari ina herufi na tembo, na matatu zina sura za wanamuziki na wachezaji mpira. Kazi hizo zimechorwa kwa mkono, nyingi na watu wanaoishi papa hapa, na karibu zote hazina jina la aliyechora. Mchoraji alikuja asubuhi na makopo yake, akalipwa jioni, akaenda zake. Usiku baadhi yao huwasha taa na kuchora kile wanachokitaka wenyewe: ziwa, wavuvi, nyanya zao. Mazungumzo haya yanawahusu hao, wachoraji wa kujitegemea ambao hununua rangi wenyewe, hutangaza wenyewe na kuuza wenyewe.

Swali ni moja. Mteja anapotoa pesa na kubeba picha, ni nini hasa alichonunua?

Afrika Mashariki ina mfano ambao kila mchoraji anafaa kuujua. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru, kusini mwa Tanzania. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam na kushika kibarua hiki na kile. Hakusomea uchoraji darasani. Mnamo 1968 hivi alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi ya mafuta, ile ya kupaka baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya hadibodi.

Watu husifu chui na ndege wake wakasahau akili yake ya biashara. Karatasi nzima ya hadibodi ina futi nne kwa nane. Ikikatwa vipande vya futi mbili kwa mbili hutoa vinane, na hakuna kinachotupwa. Kipande kimoja hubebeka kwapani, na mgeni anaweza kusafiri nacho. Rangi ya mafuta hukauka ikang'aa na haihitaji kioo. Tena Tingatinga hakungoja wanunuzi wamtafute mtaani kwake. Alizipeleka picha nje ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay, mahali ambapo wageni na watumishi wenye mishahara walikuja kununua mahitaji yao. Mchoraji wa Manyatta naye ana Kibuye siku ya Jumapili, ana ufuo wa Dunga wanakokuja watalii, na ana mlango wa Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Kote huko mtu akifika, mkono uko karibu na pochi tayari.

Mwaka 1972 Tingatinga aliuawa kwa risasi na polisi waliomdhania kuwa mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne hivi tu. Wanafunzi wake, baadhi yao jamaa zake, waliendeleza kazi, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Leo jina lake limekuwa jina la mtindo mzima, na picha za mtindo huo huuzwa kwa watalii kuanzia Unguja hadi Nairobi. Ziko pia picha zenye sahihi yake ambazo mkono wake haukuzigusa. Mtindo hauna mwenyewe kisheria. Yeyote anaweza kuchora chui mwenye macho makubwa. Picha moja moja ndiyo yenye mwenyewe, na ulinzi wa picha huisha: kwa hesabu ya miaka 50 baada ya kifo, ambayo ndiyo hesabu ya Kenya, ulinzi wa picha za Tingatinga ungefika kikomo mwishoni mwa 2022.

Ni ajabu kidogo, kwa njia, mgeni kufika ufuoni mwa ziwa Kisumu akauziwa tembo wa Dar es Salaam. Omena iliyoanikwa juu ya nyavu, magugu maji yaliyofunga njia ya mashua, umati wa Kibuye wakati mvua inakaribia: hayo mchoraji wa Manyatta anayajua kuliko mtu mwingine yeyote, na hana mshindani.

Kabla ya sheria, bei. Wengi hupanga bei kwa kumtazama mteja usoni. Hesabu ya mfano ni hii: hadibodi, rangi, brashi inayochakaa na nauli vimekula shilingi 700. Picha imechukua siku tatu. Mchoraji huyo akichora mabango hupata shilingi 1,000 kwa siku, kwa hiyo siku tatu ni 3,000. Picha imemgharimu 3,700 kabla hajapata faida hata shilingi moja. Akiiuza 2,000 kwa sababu mteja amelalamika, amemlipia mteja 1,700 kutoka mfukoni mwake. Kupunguza bei si dhambi, lakini apunguze akijua anapunguza kutoka wapi.

Kuhusu kutangaza, simu imerahisisha mambo. Picha ipigwe nje mchana kivulini, bila mwako wa simu, kisha iwekwe WhatsApp, Facebook au Instagram pamoja na jina la kazi, ukubwa na bei. Bei iandikwe wazi, maana mteja anayelazimika kuuliza bei mara nyingi haulizi. Michael Soi wa Nairobi, anayejulikana kwa mfululizo wake wa picha kuhusu China na Afrika, huchora pia mifuko ya kubeba begani. Asiyeweza kununua picha kubwa hununua mfuko, na mfuko hutembea mjini ukitangaza kazi bila malipo.

Sasa sheria, na hapa ndipo pesa nyingi hupotelea.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mchoraji hakimiliki ya mchoro wake tangu anapoumaliza. Haisubiri cheti wala muhuri. Hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki, kwa hiyo hata watoto wake wana fungu. Anayenunua picha iliyokwisha kuchorwa hununua kitu: ubao na rangi iliyo juu yake. Anaweza kuitundika sebuleni, kumpa shemeji yake, au kuiuza tena. Hawezi kuichapa kwenye fulana mia moja wala kwenye kalenda bila idhini, kwa sababu hakimiliki haihami kwa kupeana mkono tu. Huhama kwa maandishi yenye sahihi.

Kazi ya kuagizwa ni jambo tofauti kabisa, na wachoraji wengi hawalijui. Kifungu cha 31 cha sheria hiyo kinasema mtu akiagiza kazi, hakimiliki huhesabiwa kuwa imehamia kwake, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Chukulieni mwenye hoteli anayemwita kijana amchoree ngege anayecheka ukutani, kwa shilingi 3,000. Biashara inanoga. Baada ya miaka miwili ngege yule yule yuko kwenye menyu, kwenye aproni za wahudumu na kwenye gari la hoteli, na matawi yamekuwa matatu. Kijana akienda kulalamika atakuta sheria imesimama upande wa mwenye hoteli. Mwenye hoteli hakuiba chochote. Aliagiza, akalipa, na hakuna aliyeandika neno. Lakini laiti wangekubaliana mapema kwa mstari mmoja tu wa maandishi, sheria ingefuata makubaliano hayo.

Kuna haki moja ambayo hata kuagizwa hakuiondoi. Mchoraji hubaki na haki ya kutambuliwa kuwa ndiye aliyechora, na haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa au kugeuzwa kwa namna inayomvunjia heshima. Kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha ukuta bila jina. Sahihi ndogo kwenye pembe ya chini, yenye mwaka, haimpunguzii mwenye duka kitu. Akikataa nambari ya simu kwa kuwa hataki tangazo la mtu mwingine ukutani pake, ni sawa, lakini jina ni suala jingine.

Mchoro wa ukutani una udhaifu wake pia. Kazi iliyo mahali ambapo umma unaiona inaweza kupigwa picha au kuingizwa kwenye filamu au matangazo ya televisheni bila idhini ya mchoraji. Sheria imeruhusu hivyo. Mchoro ambao mchoraji anatarajia kuuchapa na kuuza kwa miaka mingi ni afadhali auweke kwanza juu ya hadibodi au kitambaa cha amerikani, sio ukutani.

Ingawa hakimiliki haihitaji cheti, kusajili kazi katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, husaidia siku ya ugomvi, na usajili hufanyika kwa mtandao. Asiyesajili na aweke kumbukumbu zake: picha ya kazi ikiwa nusu, picha ikiwa imekamilika, na ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Ujumbe huo una tarehe, saa na jina la aliyelipa. Usifutwe.

Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa, ikaongezwa haki ambayo wachoraji wa zamani hawakuwa nayo. Picha ikiuzwa tena kibiashara, kwa mnada au kupitia mfanyabiashara wa sanaa, mchoraji anastahili asilimia 5 ya bei halisi ya mauzo hayo. Nairobi imekuwa na minada ya sanaa ya Afrika Mashariki tangu 2013, na picha zilizouzwa na wachoraji kwa bei ya chini miaka iliyopita hufika huko. Picha iliyouzwa Dunga leo kwa 4,000 ikija kuuzwa mnadani kwa 400,000, fungu la mchoraji ni 20,000. Atalipata kwa urahisi ikiwa picha ina jina lake, na ikiwa yeye mwenyewe ana daftari linaloonyesha aliiuza lini na ilikuwa na ukubwa gani.

Upande wa kaunti, matangazo ya nje na leseni za biashara ni kazi ya serikali za kaunti chini ya Katiba ya 2010. Bango la biashara linalotazama barabara huhitaji kibali. Ni jukumu la mwenye biashara kukitafuta, na mchoraji mwerevu humuuliza mapema, maana bango likiondolewa kazi yake nayo imekwenda. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu waliosajili biashara zao wanaweza pia kuomba zabuni za serikali, ambazo asilimia 30 zimetengewa makundi hayo. Kuta za zahanati na madarasa ya chekechea nazo hupakwa rangi, na kuna anayelipwa kuzipaka.

Limebaki jambo la maandishi. Daftari la risiti lenye nakala kaboni linatosha. Risiti iwe na tarehe, jina la mteja, maelezo ya mchoro na ukubwa wake, bei, malipo ya awali na salio. Chini yake mchoraji aandike: "Hakimiliki ya mchoro huu inabaki kwa mchoraji. Mteja ameruhusiwa kuutumia mahali pamoja, kwenye ukuta wa biashara yake." Mteja akitaka kuutumia kwenye fulana, gari au tawi jingine, bei hiyo ni nyingine na risiti ni nyingine. Wote wawili watie sahihi kila mmoja abaki na nakala yake, na hilo lifanyike siku ya malipo ya awali, kopo la rangi likiwa bado halijafunguliwa.