Hofu ya Ghafula Si Aibu ya Mfanyi Kazi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Katika mikutano yetu tumezoea kusema habari za mshahara, nyumba, na zamu za usiku. Hayo ni mambo makubwa, wala hatutayaacha. Lakini leo tumepewa nafasi ya kusema habari ya jambo lisilosemwa kwa sauti, ijapokuwa limo katika karakana, katika stesheni, na katika nyumba zetu. Jambo hilo ni wasiwasi, na hasa ile hofu ya ghafula ambayo humkamata mtu mzima mwenye nguvu, mchana kweupe, akaona kwamba anakufa.

Kwanza tuzitaje dalili zake, kusudi kila mtu aitambue. Mtu ameketi katika injini, au amesimama katika foleni, au amelala kitandani mwake. Mara moyo unaanza kupiga kama nyundo. Pumzi zinakatika, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, jasho la baridi linamtoka, kichwa kinazunguka. Anafikiri kwamba moyo unasimama, au kwamba anaingiwa na kichaa. Hofu hiyo hupanda upesi, na kwa kawaida hufika kilele chake kwa muda wa dakika 10 hivi. Kisha hushuka, na mara nyingi baada ya nusu saa imekwisha. Mtu hubaki amechoka kama aliyepakua behewa zima peke yake.

Wako wanaosema kwamba mtu huyo amerogwa. Wengine wasema ni mwoga, au ni mvivu atafutaye ruhusa. Ndugu, hayo si kweli. Tueleze inavyokuwa.

Mwili wa binadamu umewekewa kengele ya hatari. Ukikutana na simba njiani, kengele hiyo hulia, na tezi zilizo juu ya figo humwaga katika damu dawa ya mwili iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio ili kupeleka damu miguuni. Mapafu huvuta pumzi nyingi. Yote hayo ni tayari kwa kukimbia au kupigana, na bila hayo wazee wetu wasingeishi. Katika hofu ya ghafula kengele hiyo hiyo hulia, lakini simba hayuko. Signali imeonyesha nyekundu, na njia ni nyeupe. Kwa sababu mtu hakimbii, zile pumzi nyingi humtoa hewa ya kaboni kupita kiasi, na hiyo ndiyo sababu moja ya kizunguzungu na ganzi ya vidole. Mtu akiona ganzi hiyo husema, "Sasa nakufa." Basi hofu huzidi, na adrenalini huzidi, na moyo huzidi kupiga. Gurudumu linajizungusha lenyewe. Lakini mwili hauwezi kupiga kengele hiyo daima. Hofu hiyo yatisha sana, lakini yenyewe haiui, nayo hupita.

Ndugu zetu, ugonjwa huu si mgeni katika kazi ya reli. Tarehe 9 Juni 1865 treni moja ilikuwa ikienda London kutoka pwani ya Folkestone. Karibu na Staplehurst genge la mafundi lilikuwa limeondoa reli juu ya daraja dogo. Nyapara alikosea kusoma saa za treni katika ratiba. Mshika bendera naye alisimama umbali wa yadi 554, na kanuni ilitaka yadi 1,000. Dereva alipoiona bendera, nafasi ya kusimama haikuwapo. Watu 10 walikufa. Ndani ya treni hiyo alikuwamo Charles Dickens, mwandishi mashuhuri wa Uingereza. Hakuumia mwili. Alitoka katika behewa lililokuwa likining'inia, akawapa maji majeruhi, akawasaidia kwa muda wa saa nyingi. Lakini tangu siku hiyo, akiwa ndani ya treni, hofu humjia kwa ghafula hata mahali pasipo hatari, akashika kiti kwa mikono miwili. Mara nyingine alishuka njiani kabla ya safari kwisha. Hali hiyo ilimfuata mpaka alipokufa tarehe 9 Juni 1870, miaka mitano kamili baada ya ajali ile. Je, mtu aliyeingia katikati ya maiti na majeruhi kuwapa maji, nani atamwita mwoga? Wahenga walisema, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Katika siku hizo watu wengi walizishtaki kampuni za reli kwa ajili ya taabu kama hizo. Mwaka 1866 daktari wa London, John Eric Erichsen, alitoa kitabu akifundisha kwamba uti wa mgongo ndio ulioumizwa na mtikiso wa ajali. Mwaka 1883 daktari mwingine, Herbert Page, alimpinga. Huyu Page alikuwa daktari wa kampuni moja kubwa ya reli. Lakini hata yeye aliandika kwamba hofu peke yake yaweza kumwangusha mtu, pasipo mfupa kuvunjika. Twataka mkumbuke neno hilo. Jeraha la hofu ni jeraha, na lilikubaliwa na daktari wa mwajiri zaidi ya miaka 140 iliyopita.

Sasa tuje kwetu. Dereva wa treni hawezi kukwepa kama dereva wa basi. Akimwona mtu juu ya reli, hupiga honi, hufunga breki, kisha hana la kufanya zaidi. Treni nzito yahitaji mamia ya mita kabla ya kusimama. Ninyi mnaijua njia ya zamani ipitayo Kibera, jinsi watu wanavyotembea juu ya reli na kuweka biashara zao kando yake. Dereva aliyemgonga mtu hana kosa, lakini macho yake yameona. Baada ya wiki mbili, akikaribia kona ile, moyo unaanza. Na si madereva peke yao. Yuko mshika pointi aliyeponea chupuchupu. Yuko karani wa tikiti aliyetishwa kwa bunduki. Yuko mama mfagiaji wa mabehewa ambaye hakuona ajali yo yote, ila karo ya watoto, deni la dukani, na usingizi wa saa nne kila siku vimemjaza wasiwasi mpaka ukafurika. Hofu ya ghafula yaweza kumjia mtu hata asipojua sababu.

Tatizo kubwa ni hili: mtu huanza kukimbia mahali ilipompata. Ikimpata katika basi, huacha basi. Ikimpata sokoni, huacha soko. Kila akimbiapo hupata nafuu kidogo, na mwili wake hujifunza kwamba mahali pale pana hatari kweli. Dunia yake huwa ndogo siku kwa siku, mpaka hubakia mlango wa nyumba. Wengine hukimbilia chupa. Pombe hutuliza kwa saa chache, na asubuhi yake wasiwasi hurudi na deni la jana. Miraa na kahawa nyingi nazo huuchochea moyo na kufukuza usingizi.

Basi tufanye nini? Tutasema mambo machache ambayo kila mtu aweza kuyashika.

La kwanza, nenda kwa daktari ukapimwe. Ugonjwa wa moyo, kupungukiwa damu, na ugonjwa wa tezi ya shingo waweza kuleta dalili kama hizi. Ukipata maumivu ya kifua kwa mara ya kwanza, au maumivu yanayoingia mkononi au tayani, au ukizimia, usikae nyumbani ukisema ni wasiwasi tu. Nenda hospitali mara moja. Daktari akisema moyo ni mzima, mwamini.

La pili, hofu ikija, usishindane nayo. Jiambie, "Hii ni kengele, hakuna moto. Itapita." Vuta pumzi kwa pua pole pole ukihesabu mpaka nne, kisha itoe polepole zaidi ukihesabu mpaka sita. Fanya hivyo dakika kadhaa. Usipumulie ndani ya mfuko wa karatasi kama wengine wanavyofundisha. Kama ugonjwa wako ni wa moyo au wa mapafu, waweza kukudhuru. Tazama vitu vilivyo mbele yako uvitaje kimoja kimoja: benchi, taa, mlango, saa ya ukutani. Ukiweza, kaa pale pale mpaka ishuke.

Lakini hapa tuseme wazi. Kama umeshika treni, au umesimama juu ya ngazi, au uko kwenye mashine, usalama ni wa kwanza. Simamisha kazi kwa kanuni, mwambie msaidizi wako na wale wanaoongoza treni, kisha tulia. Mtu anayesema, "Siwezi kwa sasa," amewalinda abiria wote. Anayeficha ndiye atakayetuletea msiba.

La tatu, rudi kwa hatua mahali ulipopakimbia. Leo nenda stesheni ukaketi tu. Kesho panda kituo kimoja pamoja na rafiki. Wiki ijayo vituo viwili. Wenye elimu ya ugonjwa huu hutumia njia hii hii, wakiongeza mazungumzo ya kumsaidia mtu azipime fikira zake, nayo husaidia watu wengi. Ziko pia dawa zitolewazo na daktari. Lakini msinunue vidonge vya usingizi dukani kwa siri. Vingine humfunga mtu, akashindwa kuviacha.

La nne, ni kazi yetu sisi tulio karibu naye. Usimcheke. Usimwambie, "Jikaze kiume." Mwambie, "Niko nawe, itapita, tupumue pamoja." Ukeketi naye. Usimlazimishe kusimulia ajali kama hataki. Akitaka mwenyewe, msikilize. Kama anataka kusali, msali pamoja, lakini sala isimzuie kufika hospitali. Na ukimsikia akisema kwamba heri afe, usimwache peke yake hata kidogo. Mpeleke hospitali siku ile ile.

Ndugu Mwenye Kiti, neno la mwisho ni la chama. Mtu mmoja mmoja hawezi kuyafanya yote. Sababu ya wenzetu kuficha ni moja: waogopa kupoteza kazi. Waona kwamba wakisema, wataondolewa katika injini, mshahara utapungua, na watoto watatolewa shule. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake si pumzi, ni mapatano yaliyoandikwa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, yakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya hali ya afya yake. Kifungu cha 41 chatupa haki ya hali nzuri ya kazi, na cha 43 haki ya matibabu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yampa mwajiri wajibu wa kulinda usalama na afya ya wote wafanyao kazi kwake. Haisemi mikono na miguu tu.

Kwa hiyo twaomba tawi hili lipeleke mambo manne mezani. Moja: treni ikimgonga mtu, dereva na msaidizi wake wapokelewe na wengine siku ile ile, wapelekwe nyumbani wakiwa na mwenzao, wapewe siku za kupumzika bila kukatwa mshahara. Mbili: mfanyi kazi anayekwenda mwenyewe kutafuta matibabu ya hofu asifukuzwe, na kama yafaa apewe kazi nyingine kwa muda, kwa mshahara ule ule, mpaka daktari aseme yu tayari. Tatu: zamu zipangwe mtu apate usingizi wa kutosha kati ya zamu na zamu. Nne: katika kila stesheni kubwa na kila karakana wachaguliwe wenzetu wawili, mwanamume na mwanamke, wafundishwe kumpokea mwenye taabu hii na kutunza siri yake.

Mkituuliza zitoke wapi fedha za mambo hayo, tutajibu kwamba dereva mmoja asiyelala kwa hofu, akiwa na abiria mamia nyuma yake, ni gharama kubwa zaidi.

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Mtu akivunjika mguu kazini, twambeba mabegani bila kuuliza kama ni mwoga. Na huyu mwenye jeraha lisiloonekana tumbebe vivyo hivyo. Baada ya mkutano huu, kama yuko mtu ambaye haya yamemhusu, si lazima aseme mbele ya watu. Na ateremke njiani pamoja na mwenzake mmoja anayemwamini, amwambie huyo mmoja tu. Huo ndio mwanzo.