Soriasisi Haiambukizi, Hata kwa Mate: Mazungumzo na Wakazi wa Kware



Soriasisi ni ugonjwa sugu wa ngozi. Kinga ya mwili huchochea ngozi kujitengeneza haraka kupita kiasi, ikarundikana magamba. Kwenye ngozi nyeusi mabaka huwa ya zambarau au kahawia, hivyo wengi hudhani ni choa na kupaka dawa bila nafuu.

Watafiti sasa wanachunguza mate. Katika mate ya baadhi ya wagonjwa wamepata protini za mchochota, kama interlukini-1 beta, zikiwa nyingi kuliko za watu wasiougua. Mate hukusanywa bila sindano, kwa hivyo yangerahisisha kumfuatilia mgonjwa. Lakini fizi zilizovimba nazo huongeza protini hizo hizo, na kipimo hiki bado si cha hospitalini. Anayekuuzia kipimo cha mate cha soriasisi, usimpe pesa. Daktari huangalia ngozi. Akiwa na shaka, hukata kipande kidogo kipimwe maabara.

Mwaka 2014, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulitambua kuwa soriasisi haiambukizi. Basi asinyimwe mtu salamu, kikombe, kiti cha matatu wala kazi.

Mwenye mabaka akiamka na viungo vilivyokakamaa na kuuma, aende kituo cha afya mapema, kwani ugonjwa huu huweza kuharibu viungo. Krimu kali zisinunuliwe bila ushauri. Zikiachwa ghafla, mabaka huweza kurudi kwa nguvu.