Asilimia 99 mbele ya Wall Street

Msikilizaji, Septemba 17, 2011 waandamanaji walipiga kambi katika bustani ya Zuccotti, New York, jirani na Wall Street. Hasira yao ilikuwa ya haki. Mwaka 2008 Bunge la Marekani liliidhinisha dola bilioni 700 kuokoa mabenki, huku mamilioni ya familia zikipoteza nyumba kwa kushindwa kulipa mikopo.

Vipaza sauti vilihitaji kibali, basi umati ukawa kipaza sauti: mmoja anasema, mamia wanarudia, hadi aliye nyuma kabisa asikie. Linganisha na uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 2010, kesi ya Citizens United. Makampuni yaliruhusiwa kumwaga fedha bila kikomo kwenye matangazo ya uchaguzi, mradi yasimkabidhi mgombea mkononi. Mwenye benki ananunua muda hewani; aliyefukuzwa nyumbani ana koo lake tu.

Waandamanaji waliambiwa hawana madai. Nakataa. Kauli mbiu yao, “Sisi ni asilimia 99”, yaani wote wasio matajiri wakubwa, ni dai tosha.

Polisi waliivunja kambi usiku, Novemba 15. Nayo sheria ya Dodd-Frank, iliyotungwa 2010 kuyabana mabenki, Bunge likailegeza mwaka 2018.